Goti jipya, msimu wa sare na bosi asiyetaka kungoja

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 58, mkazi wa Tanga. Nashona sare za shule katika karakana ya mtu binafsi, na nipo hapo tangu mwanangu wa mwisho hajaanza darasa la kwanza. Sasa naye ana mtoto. Goti langu la kulia lilianza kuuma nikishuka ngazi. Baadaye likauma nikipanda, kisha nikisimama, mwisho likawa linauma hata nikiwa nimelala. Nimechomwa sindano, nimechuliwa kwa mafuta ya kila mnyama, nimemeza dawa hadi tumbo likakataa. Daktari alipoiangalia picha akasema gegedu limekwisha, mfupa unasuguana na mfupa. Mwishoni mwa Septemba nikabadilishwa goti Dar es Salaam. Bima ilibeba ilichobeba, kilichobaki wanangu wakachanga.

Hospitali sina la kulalamika. Kesho yake walinisimamisha, nikatembea na fremu, nikaruhusiwa nikiwa na magongo. Shida imeanzia hapa nyumbani.

Kwanza, usiku silali. Mchana goti linavumilika, ila nikizima taa tu, nalo linaamka. Limevimba mpaka leo, lina joto kuliko lenzake, ngozi ya upande wa nje wa mshono imekufa ganzi, na nikitembea nasikia kitu kinagonga ndani, ko, ko. Najiuliza kama liliwekwa sawasawa. Dawa za maumivu nimezipunguza mwenyewe kwa sababu nina presha, na jirani aliniambia zinaua figo. Nilipangiwa mazoezi kwenye hospitali ya hapa Tanga, nikaenda mara chache nikaacha. Yule kijana akilikunja goti natoa machozi mbele za watu, na nauli ya bajaji kwenda na kurudi si mchezo. Nafanya mwenyewe nyumbani siku nikijisikia. Nikikaa kwenye kiti, mguu wa kushoto naurudisha chini ya kiti, wa kulia unabaki mbele.

Pili, bosi. Desemba ndiyo kilele chetu, maana shule zinafungua Januari na kila mzazi anataka sare ya jana. Sitamsema vibaya, mshahara wa miezi hii amenilipa. Lakini wiki hii kapiga simu, anasema mwenzangu mmoja alipasuliwa tumbo na baada ya mwezi alikuwa kazini, sasa mimi goti tu kulikoni? Anataka niingie tarehe mosi Desemba, siku nzima, kama zamani. Nisipoweza atatafuta mtu. Karakana iko ghorofa ya kwanza, choo ni cha kuchuchumaa, na pedali ya cherehani naikanyaga kwa mguu huu huu wa kulia.

La tatu naona haya kuliandika. Kuna mama tulilazwa naye wodi moja, tukapasuliwa wiki moja. Kila siku ananitumia picha: leo yuko sokoni, kesho yuko harusini. Mimi bado na gongo. Kila anayekuja kunitazama ananiambia nimshukuru Mungu, wengine miguu yenyewe hawana. Nashukuru, wallahi nashukuru. Wakishaondoka nalia. Juzi nimemfokea binti yangu kwa sababu aliniwekea mbuzi nikune nazi, kasahau tu kwamba siwezi kuikalia. Sikuwa mtu wa hivi. Wakati mwingine nawaza labda nilikosea kukubali kupasuliwa.

Nirudi kazini au niache? Na huo moyo wa kuendelea nautoa wapi?

Mama Mashono, Tanga

JIBU

Marahaba, Mama Mashono. Pole kwa goti, na pole zaidi kwa hizo usiku.

Bosi wako nitamfikia, na machozi yako pia. Lakini sentensi iliyonisimamisha katika barua yako ni fupi na umeipitisha haraka: mguu wa kushoto unaurudisha chini ya kiti, wa kulia unabaki mbele. Hiyo ndiyo yenye haraka kuliko tarehe mosi Desemba. Mtu akiketi sawasawa kwenye kiti cha kawaida, goti limejikunja kiasi cha nyuzi 90. Kuinuka kwenye kiti kifupi bila kujisukuma kwa mikono kunataka zaidi ya hapo. Mgonjwa anayekaribia mwisho wa mwezi wa pili tangu apasuliwe hutarajiwa awe amezifikia hizo 90 na anazipita. Wewe, kwa maelezo yako, huenda hujazifikia.

Sababu yake si fumbo. Mwili ukishapasuliwa huanza kujiziba wenyewe, na ndani ya goti huziba kwa nyama ngumu ya kovu. Goti likikunjwa na kunyooshwa kila siku, kovu hilo hukua likiwa na nafasi ya kucheza. Likiachwa siku za kujisikia na kutojisikia, kovu hukaza likiwa limeshalifunga goti. Madaktari wana njia ya kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi na kulikunja goti bila kulipasua tena, ila hufaulu zaidi ikifanywa mapema, ndani ya miezi mitatu ya kwanza hivi. Ndiyo maana sitaki ungoje kliniki ya mwakani. Rudi fiziotherapia, yaani kwenye yale mazoezi ya hospitali, wiki hii, mwambie yule kijana alipime goti lako kwa kile kipimo chake cha pembe, akuandikie linakunjika nyuzi ngapi na linanyooka hadi wapi. Karatasi hiyo ipigwe picha, itumwe kwa daktari aliyekupasua au wodi uliyolazwa. Wao ndio watasema kama mazoezi yanatosha. Mara nyingi hutosha, mama. Ila mtu apime, asikadirie.

Sasa tazama mambo yako yalivyofuatana. Umepunguza dawa kwa kuogopa figo. Dawa ikapungua, zoezi likawa mateso, ukaliacha. Zoezi likaachwa, goti likakaza, na goti lililokaza huuma zaidi usiku. Usiku huna usingizi, asubuhi huna moyo, na asiye na moyo hafanyi zoezi. Nasikia ukiuliza moyo utautoa wapi kana kwamba ni kitu cha pembeni, wakati sehemu kubwa ya majonzi yako naiona imeanzia kwenye pakiti ya vidonge.

Jirani yako amesema nusu ya ukweli. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake zinaweza kupandisha presha na kuzilemea figo, hasa kwa mtu anayetumia baadhi ya dawa za presha. Hizo usinunue dukani kwa kujichagulia. Parasetamoli ni jambo jingine kabisa. Kwa mtu mzima asiye na tatizo la ini, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visivyozidi vinane kwa siku nzima, ni kipimo cha kawaida. Kosa la wengi ni kumeza kimoja pale maumivu yakishafika kooni. Kama ulipewa tramadoli au dawa kali ya aina hiyo, usiirefushe mwenyewe na wala usiichanganye na nyingine. Beba dawa zako zote, pamoja na za presha, kwenye mfuko mmoja, umwekee daktari mezani, umwulize: kipi nimeze saa moja kabla ya mazoezi, na kipi kabla ya kulala? Ukipangiwa hivyo, yule kijana wa fizio hutamwona adui tena. Atakuumiza kidogo bado, sitakudanganya.

Yale mengine yaliyokutia shaka kwamba goti liliwekwa vibaya, kwa sehemu kubwa ndiyo tabia ya goti jipya. Huo mlio wa ko ko ni chuma kinachokutana na plastiki. Ncha za mifupa yako zimevikwa chuma, kwa kawaida mchanganyiko wa kobalti na kromi, na katikati kumewekwa plastiki ngumu mahali pa gegedu lililokwisha. Vitu hivyo havina ulaini wa nyama, lazima vigongane. Ganzi upande wa nje wa mshono inatokana na vineva vidogo vya ngozi vilivyokatwa kisu kilipopita. Eneo hilo hupungua taratibu, na kwa wengine hubaki kidogo maisha yote bila madhara. Uvimbe na joto la kiasi huweza kukaa miezi mitatu hadi sita, na huongezeka siku uliyotembea sana. Kupona kabisa huhesabiwa kwa mwaka mzima. Najua hakuna aliyekuambia mwaka ulipokuwa ukitia saini fomu, au walikuambia ukasikia wiki sita tu. Wengi husikia hivyo.

Kuhusu usiku: jioni, kabla ya kulala, weka barafu iliyofungwa kwenye kanga juu ya goti kwa dakika 15 hadi 20. Isigusane na ngozi, hasa hapo penye ganzi, maana itakuunguza usijue. Mchana lala chali nusu saa mara mbili ukiwa umeinua mguu kuliko kifua, uvimbe ushuke kabla ya giza. Na mto usiuweke chini ya goti. Naomba hili ulisikie vizuri, kwa sababu kila nyumba yenye mgonjwa wa goti ina huo mto, na unaleta raha kweli. Raha yake ni kuliacha goti limejikunja kidogo usiku kucha, hadi lisahau kunyooka, na goti lisilonyooka litakufanya uchechemee hata likiwa haliumi. Viringisha kanga, iweke chini ya kisigino, goti libaki linaning'inia lenyewe linyooke.

Haya, tuje kwa bosi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara, na sharti ni kupeleka cheti cha daktari. Sasa hesabu. Umepasuliwa mwishoni mwa Septemba, kwa hesabu ya haraka siku zako 63 zinaisha karibu na tarehe mosi Desemba. Huenda bosi anajua sheria kuliko anavyojionyesha. Usimchukie kwa hilo, ana maduka yanayomdai sare. Lakini na wewe ujue unaposimama. Kama hukuchukua likizo nyingine ndefu ya ugonjwa ndani ya mzunguko huu, bado una siku za nusu mshahara, na kumwambia mgonjwa mwenye cheti halali kwamba nafasi yake itachukuliwa si jambo la kumalizwa kwa simu. Taratibu za kazi zinamtaka mwajiri kwanza atazame kama mfanyakazi anaweza kubadilishiwa majukumu au kupunguziwa. Likifika baya la kuachishwa, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Nakutajia usije ukalala na haki yako. Sitarajii mfike huko na mtu aliyekulipa miezi miwili bila kukuzungusha.

Swali lako ulilileta kwa njia mbili tu, nirudi au niache. Bosi naye analo hivyo hivyo, siku nzima au nje. Goti halijui hizo mbili. Waliofanyiwa upasuaji kama wako na wanaofanya kazi ya kukaa, wengi hurudi kati ya wiki ya nne na ya sita. Wa kusimama muda mrefu huchukua wiki nane hadi 12, wa kubeba na kupiga magoti miezi mitatu au zaidi, na wengine hubadilisha kazi kabisa. Wewe uko katikati: unakaa, lakini mguu uliopasuliwa ndio unaoendesha mashine, na kuna ngazi. Kwa hiyo igawe kazi yako vipande. Kutia vifungo, kushona pindo kwa mkono, kutoa nyuzi, kukagua ukubwa, kupanga oda za kila shule: hivyo vyote hata sasa unaviweza, na Desemba karakana gani haina uhaba wa mikono ya hivyo? Kukata vitambaa ukiwa umesimama mezani, kidogo kidogo. Kupiga pasi siku nzima, hapana. Kuinama kupima watoto suruali, mwachie kijana.

Pedali ni ya kujaribu kwanza nyumbani. Kama mashine ni ya umeme, isogezee mguu wa kushoto. Siku mbili utashona mistari ya mlevi, halafu mguu utazoea. Kama ni cherehani ya kukanyaga, kazi kubwa hufanywa na kifundo, lakini goti nalo linakwenda na kurudi, na mashine ikikwama huwezi kuchomoa mguu upesi. Hiyo ngoja ruhusa ya mtu wa fizio. Na kama bado unameza dawa inayokulegeza, usiikaribie mashine kabisa. Sindano haijui una goti jipya. Kaa kwenye kiti kirefu chenye mikono, na kila nusu saa simama, tembea hadi dirishani na kurudi. Kukaa saa tatu mfululizo kutakuvimbisha kuliko kutembea.

Ngazi: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza uliopasuliwa, gongo likienda na uliopasuliwa. Siku utakapobaki na fimbo moja, ishike mkono wa kushoto, yaani upande usio na goti jipya. Wengi hushika upande wenye maumivu, wakaishia kuinama upande mmoja mwaka mzima. Panda mara moja asubuhi, shuka mara moja jioni, chakula kiletwe juu. Choo ndicho kitakachokutoa kazini kabla ya goti, kwa sababu kuchuchumaa kunataka nyuzi 130 na zaidi, na magoti mengi bandia hayafiki huko. Kiti cha plastiki imara kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu, kinatosha. Mwambie bosi mapema. Usione haya, ni bei ya sare mbili.

Usimpigie simu. Simu zina haraka na zina hasira. Mwandikie, uambatishe cheti:

"Bosi, habari za kazi. Nashukuru kwa kunivumilia na kunilipa. Nataka kurudi na kusaidia msimu huu. Daktari ataniandikia kazi nyepesi. Naomba nianze katikati ya Desemba, nusu siku, siku tatu kwa wiki, nikae kwenye vifungo, ukaguzi na oda. Mashine nitarudia nikipewa ruhusa. Januari tukae tena tuangalie. Nitahitaji kiti kirefu na kiti cha chooni, naweza kuvileta mwenyewe. Malipo ya kipindi hicho naomba tuyaandike tukubaliane."

Hilo neno la malipo usilifute. Nusu siku ya kazi ndani ya likizo ya ugonjwa huwa na utata: ni nusu mshahara wa likizo, au ni ujira wa kazi, au vyote? Mliandike kabla hujapanda ngazi.

Tarehe ya katikati ya Desemba nimeiweka kwa kudhani vipimo vya goti vitakuwa na nafuu. Fizio akisema bado, basi bado, na bosi ataletewa cheti kingine. Ila usiache kazi. Mtu aliyezoea mlio wa mashine na soga za karakana kwa miaka yote hiyo, ukimfungia chumbani na wageni wa kumpa pole, hata goti zima litamuuma.

Sasa hao wageni. Wanaokuambia ushukuru hawana ubaya, wanatafuta neno la kusema. Lakini kushukuru hakuondoi maumivu, na maumivu hayafuti shukrani. Mgonjwa anaweza kuwa na vyote viwili saa moja hiyo hiyo. Jukumu la kuchangamka mbele ya kila anayeingia mlangoni hukupewa na daktari, nami nakuvua. Akisema mtu "shukuru Mungu", jibu "alhamdulillahi, na usiku naumwa sana". Wa kukaa atakaa, wa kuondoka ataondoka.

Yule mwenzako wa sokoni na harusini, mnyamazishe simuni mpaka Februari. Nasema kweli. Kuna mtu anayepona haraka, kuna anayepona polepole, na kuna anayepiga picha dakika mbili alizosimama vizuri kisha akarudi kulala. Hujui yeye ni yupi. Hujui goti lake lilikuwa limeharibika kiasi gani kabla, uzito wake, sukari yake, wala nani anamfulia. Kama unataka kushindana, shindana na goti lako la wiki iliyopita, na wewe una vifaa ambavyo wengi hawana. Chukua chaki ya fundi na ile futi yako. Kaa kwenye kiti kile kile, rudisha kisigino nyuma mpaka kigome, mtu akuwekee alama ya chaki sakafuni, upime umbali kutoka mguu wa mbele wa kiti. Andika kwenye daftari. Kila Ijumaa pima tena. Macho yako, usiku wa manane, yatakuambia hakuna kilichobadilika. Inchi hazina huzuni.

Kuhusu kujuta, nikwambie ukweli wote. Kwa kadirio linalotajwa sana, mtu mmoja katika watano waliobadilishwa goti husema hakuridhika, hata kama picha inaonyesha kila kitu kimekaa sawa. Wengi wa waliobaki huridhika. Lakini huwezi kujua uko kundi gani katika mwezi wa pili tangu upasuliwe, na mwezi wa pili ni kipindi kibaya sana cha kupiga hiyo kura: maumivu ya zamani umeshayasahau, wepesi mpya haujafika. Na ukiwaza kama yote haya yalikuwa ya muda mfupi, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba kati ya magoti 100 yaliyobadilishwa kikamilifu, 82 hudumu miaka 25. Ulilipia kitu kirefu.

Hata hivyo, kulia kila siku, kukosa hamu ya chakula na ya watu, kuona huna maana, hayo yakipita wiki mbili baada ya dawa na usingizi kutengemaa, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia. Sonona baada ya upasuaji mkubwa ipo na ina matibabu. Ukiwaza kujidhuru, usingoje hata siku moja, mwite binti yako umwambie sasa hivi na mwende hospitali.

Huyo binti umeshamwomba radhi? Kama bado, fupi tu inatosha, kisha mpangie: nazi itakunwa naye, au mtanunua ya kukunwa kwa mashine sokoni. Mbuzi hutaikalia tena miezi hii na pengine milele, kwa hiyo itoke jikoni ulikotazamana nayo. Meko ya mkaa ipandishwe juu ya tofali au meza ya chuma. Swala iwe ya kwenye kiti, ruhusa hiyo mgonjwa anayo. Baadaye, goti likishatulia, baadhi ya watu huweza kupiga magoti kwenye kitu laini bila kuliharibu, ingawa hisia yake si nzuri. Muulize daktari mwakani.

Nimemalizia na la hatari ili likae mwisho wa kumbukumbu yako. Mshono ukianza kutoa maji au usaha, wekundu ukasambaa, goti likawa la moto ghafla ukapata na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tumbo la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, usikubali mtu yeyote alichue, hata awe bingwa wa mafuta gani, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda mle ndani na kuchua kukaisukuma. Na kifua kikibana au pumzi ikakatika ghafla, mtu aite gari wakati wengine wanakuvalisha viatu.